Mgeni wa Soda ya Mizizi

Thorncliffe Park, Toronto
16 Novemba 2024

Masi wangu mpendwa,

Salaamun alaykum. Sisi huku wazima, na naomba barua hii ikukute mzima na wewe, goti lako likiwa limetulia na mvua za Bukoba zisilichokoze. Mama, mdogo wako, anakusalimu. Anatoka kazini giza limeshaingia, maana saa kumi na moja jioni huku ni usiku tayari. Mdogo wangu Askari anakusalimu kwa Kiingereza. Nilimwambia Masi hapokei salamu za Kiingereza, akasema, basi msalimie wewe, wewe si ndiye mtoto wake. Ana miaka minane, hajui anachosema. Nadhani hajui.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Wewe unanijua. Simu ikiwekwa mezani, Mama anasikiliza upande huu, Askari anaingiza pua kwenye kamera upande ule, mimi nabaki "mzima, Masi, mzima" mpaka salio lako linakatika. Kikachi chetu tunakisema tu, hatukiandiki. Kiingereza hukitaki. Basi tutumie Kiswahili hiki cha shule ya msingi. Barua anakuja nayo Shamez wa matairi. Anashukia Mwanza, amesema ataipandisha meli.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu.

Mimi na Baba hatujui tuongee nini. Yeye na Mama waliondoka nikiwa na miaka mitatu, wakaniacha kwako, ninachokumbuka ni viatu vyake tu. Kila Jumamosi Mama anampeleka Askari kuogelea, na mimi na Baba tunakwenda Malvern kwenye duka la Mtamil mmoja kununua muhogo na samaki. Garini tunaongea hivi:

"Baridi, eh?"

"Ndiyo, Baba."

"Utazoea."

"Inshallah."

Basi, mpaka Malvern. Watu wawili wenye haya ndani ya gari moja, Masi, ni afadhali mmoja angekuwa redio.

Jumamosi moja alitoka dukani na makopo mawili. Akanipa moja, akaniambia hii ndiyo soda yake, nijaribu. Huku wanaiita root beer, yaani bia ya mizizi. Usishtuke! Haina kilevi hata tone, watoto wadogo wanakunywa, na Baba alishamuuliza mpaka maulana wa msikiti. Nikapiga fundo moja. Masi, unaikumbuka ile dawa ya kuchua ya marehemu Baba Mkubwa, ya kopo la kijani, tuliyokuwa tukimpaka mgongoni? Itie sukari, itie gesi, halafu uinywe.

Baba akaniuliza, "Vipi?"

Nikasema, "Nzuri, Baba."

Uso wake wote ukafunguka. Sijawahi kumwona vile. Jumamosi iliyofuata akanunua katoni nzima, makopo kumi na mawili, akayapanga kwenye friji, akamwambia Askari, "Hizi za Kaniz, usiguse."

Kwa hiyo nazinywa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mgeni haachi kitu kikombeni.

Uliloniambia uwanja wa ndege nalikumbuka: jaribu mpaka Agosti, ukishindwa rudi, chumba chako kipo. Sijashindwa. Nalikumbuka tu.

Mwanao,
Kanizfatema


Bukoba
8 Desemba 2024

Kaniz mwanangu,

Waalaykum salaam na rehema zote. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kidole cha grisi, kwa hiyo najua kweli ilipita mikononi mwa Shamez. Goti halijambo. Duka halijambo. Senene walikuwa wengi mwezi uliopita, Ma Koku wa jirani aliniletea bakuli zima kama kawaida yake, nami kama kawaida yangu nikamshukuru na kumwambia sisi hatuli, naye kama kawaida yake akasema, "Basi utamu wote huu umeukosa bure, Mama Kaniz." Bado ananiita Mama Kaniz. Sijamkataza.

Nilipofika kwenye neno "bia" nilikaa chini. Nashukuru uliandika "usishtuke" mapema, maana nilikuwa nimeshaanza kumwandikia baba yako maneno mazito kichwani.

Sasa sikiliza. Nilikufundisha kweli kwamba mgeni haachi kitu kikombeni. Lakini si nilikufundisha na ile nyingine? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe una miezi mingapi hapo? Huna haki tena ya kuwa mgeni. Mwambie Haider kwamba soda yake inakushinda.

Hatakasirika. Shemeji yangu namjua toka siku aliyokuja kumposa mama yako. Aliketi sebuleni kwetu hapa hapa, hajui mikono aiweke wapi. Mama yetu akamkaribisha sambusa. Akala. Akaongezewa. Akala. Hakuweza kusema "imetosha, bibi". Alikula sambusa kumi na moja, kijana wa watu, jasho linamtoka, na mama yako nyuma ya pazia anaziba mdomo na mtandio asicheke. Muulize.

Huyo mtu anakuogopa, Kaniz. Ndiye anayepaswa kuanza, maana ndiye mkubwa, lakini anakuogopa.

Chumba kipo. Nimebadilisha pazia.

Masi wako,
Sakeena


Thorncliffe Park
11 Januari 2025

Masi wangu,

Salaam kwako na kwa Ma Koku. Mama alikuwa na mafua, amepona. Askari ameng'oka jino la mbele, sasa Kiingereza chake kinapiga mluzi. Shule ni nzuri. Theluji imefika magotini, na lifti ya jengo letu imeharibika mara mbili, tukapanda ghorofa kumi na moja na mifuko ya mchele, Baba anahesabu ngazi kwa Kikachi kumchekesha Askari.

Nimemwambia.

Tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu. Nilikuwa nimeyakariri maneno usiku kucha, yote yakanitoka.

"Baba."

"Eh?"

"Ile soda."

"Imeisha? Tutapitia nyingine."

"Siipendi."

Taa ikawa kijani, hakuondoka. Gari la nyuma likapiga honi.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Lakini umeshakunywa makopo kumi na mawili!"

"Ishirini na manne, Baba. Ulileta katoni mbili."

Masi, alicheka mpaka ikabidi aegeshe gari pembeni. Mimi nilidhani analia. Alipopata pumzi akaniambia kwamba hata yeye mwaka wa kwanza alikuwa anaichukia. Kulikuwa na Mkenya mmoja ofisini kwao, Mugambi, kila mchana alikuwa anamwekea kopo moja mezani, "Kunywa, ndugu yangu." Akanywa mwaka mzima.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambiaje? Ndiye mtu pekee aliyekuwa ananisalimia."

Halafu Mugambi akaenda likizo, na Baba akajikuta dukani ananunua mwenyewe.

Nikamuuliza habari ya sambusa. Akasema Masi wako ananionea, zilikuwa kumi na mbili, moja niliitia mfukoni.

Tangu siku hiyo tuna mchezo. Baba anasema haiwezekani mtu azichukie zote, ziko nyingi, lazima ipo moja ya kila mtu. Kwa hiyo kila Jumamosi tunaleta za aina mbalimbali. Vile vikombe vya karatasi vilivyobaki kwenye sabili ya msikiti ya Muharram, ya kugawia wapita njia maji na sharbati, ndivyo tunavyotumia. Anaandika jina chini ya kikombe, ananigeuzia mgongo, anavichanganya, tunaonja bila kujua ipi ni ipi. A&W ni laini, ina vanila, imetulia mdomoni; Baba anaichagua hiyo kila mara hata akiwa amefumba macho. Mug ina povu jingi, Askari anaipenda kwa ajili ya masharubu. Dad's ina ubaridi wa minti unaopanda mpaka kwenye masikio. Barq's inauma. Haibembelezi mtu. Na kuna ya chupa ya kioo ya kiwanda kidogo cha huko mashambani, ina picha ya dubu, nahisi kama wametia asali na yale majani wanayotafuna watu wa kikohozi.

Mimi bado sina ninayoipenda. Nina ninayoichukia kidogo kuliko nyingine, ni ya dubu. Nimekutumia chupa moja. Mzee Dilawar wa msikitini kwetu anakwenda Dar kumwoza mjukuu, halafu anapanda Bukoba kuona kaburi la baba yake. Nimeivalisha soksi zangu mbili. Ionje, uniambie kama mimi ndiye mwenye ulimi mbaya.

Mama anakuja kusimama mlangoni tunapoonja, na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Haombi kikombe.

Kaniz wako


Bukoba
2 Machi 2025

Mwanangu Kaniz,

Ramadhani karim. Tumeanza kufunga huku na mvua, kwa hiyo kiu hamna, njaa ndiyo ipo. Msikitini tumebaki familia chache, tunafuturu kwa zamu nyumba hii na hii, na leo ni kwangu, nimechemsha uji wa pilipili manga na tende za Dilawar.

Ahsante kwa chupa. Ilifika salama. Niliinywa na Ma Koku, yeye kikombe, mimi kikombe. Tamu sana! Povu lilinipanda puani nikapiga chafya. Ulimi wako hauna ubaya wowote.

Nimecheka peke yangu dukani niliposoma ya makopo ishirini na manne. Mteja akaniuliza kuna nini, nikamwambia nimepata habari za mwanangu.

Nina habari na mimi. Chumba kile nimekipangisha. Ni mwalimu, Mkenya, anaitwa Chelagat, msichana mwenye adabu, anafundisha hesabu sekondari na anapenda chai yangu. Ameleta kitanda chake. Vitu vyako nimevitia kwenye sanduku, viko juu ya kabati langu, havitapata unyevu. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yangu, nina mtu wa kuzungumza naye jioni.

Msalimie mama yako Wajiha. Mwambie namwombea. Goti halijambo.

Sakeena


Thorncliffe Park
20 Aprili 2025

Masi,

Salaamun alaykum. Idi ilipita salama. Mama alipika biriani, Askari alipata baiskeli. Samahani nimechelewa kujibu. Barua yako ilifika kabla ya Idi. Nilianza kujibu mara nyingi.

Kwanza nilikasirika. Nakwambia kwa sababu nimechoka kuandika "shule ni nzuri". Shule siyo nzuri wala siyo mbaya, nakaa maktaba wakati wa chakula, basi, sasa unajua. Nilisoma kwamba umekipangisha chumba nikaingia bafuni nikafungua maji ili wasinisikie. Nilisema moyoni, kumbe Masi ameshanihesabu kwamba sirudi. Hata hakuniuliza.

Halafu Ijumaa iliyopita tukakutana na Mzee Dilawar msikitini, kwenye viatu. Akanyoosha fimbo, watu wote wanasikia:

"Wewe! Wewe ndiye mtoto wa bomu!"

Nilitamani sakafu inimeze. Baba akamuuliza, bomu gani tena, Mzee?

"Bomu gani? Chupa yenu ya dubu! Imepasuka Dar, ndani ya begi, juu ya kanzu yangu ya harusi! Nimemwoza mjukuu wangu nikinuka duka la dawa. Bibi harusi ananiuliza, Nana, unaumwa wapi?"

Baba akaomba msamaha mpaka nikamwonea huruma. Mzee akasema, aah, mambo ya watoto, tende nilimfikishia Sakeena, ndizo zilikuwa zimefungwa vizuri. Halafu akanifinya shavu.

Basi Masi, chupa haikufika. Wewe hukuonja kitu. Ma Koku hakunywa kikombe chochote, na povu halikukupanda puani.

Nililala nikiwaza. Kama Masi anaweza kuinywa soda iliyomwagika Dar es Salaam, ili mimi tu nisisikitike, basi na Chelagat je? Na goti halijambo je? Yupo huyo mwalimu? Kitanda chake kipo? Tafadhali niambie. Wewe ulinipa jembe, nami nakupa lako.

Na mimi nina langu.

Nimepata ninayoipenda. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Mchezo tuliuhamishia baada ya futari. Nilionja kikombe, nikakinywa chote, nikachukua na cha Baba. Akageuza kusoma chini: Barq's. Ile inayouma. Akasema, "Hii? Hii ni ya wazee wakorofi!" Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo, na ile yake ya vanila ni ya watoto wachanga. Nilimjibu hivyo, Masi, mimi! Akanitania mpaka tarawehe za jirani zikaisha, nami nikawa na jibu kila mara.

Halafu nikalala, nikajisikia mwizi. Maana ninapoipenda soda yao, napenda na Jumamosi. Siku hizi naamka kabla ya Baba, navaa koti, nakaa mlangoni. Napenda anavyopiga mluzi akitafuta maegesho. Na kila ninapopenda kitu hapa nahisi nimekichukua kwenye kabati lako bila kuomba.

Miaka kumi na miwili ulinilea. Ulinisuka nywele kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Baba Mkubwa alipofariki tulilala kitanda kimoja mwezi mzima. Ninawezaje kukwambia kwamba nina furaha mahali ambapo wewe hupo?

Sijui Agosti niseme nini.

Kaniz


Bukoba
25 Mei 2025

Kaniz,

Wazima. Nilitaka kuanza na habari za duka lakini nimezikata.

Chupa haikufika. Dilawar alinieleza hapa barazani kwangu, na kanzu akanionyesha. Nilisema nimekunywa kwa sababu uliivalisha soksi. Mtu aliyeivalisha chupa soksi humwambii imepasuka.

Chelagat yupo. Ni mteja wangu, ananunua chaki na karatasi za mitihani, anapenda chai kweli. Aliniomba chumba nikamkatalia. Halafu nikakaa nikakuandikia kwamba nimempa. Chumba kiko vile vile. Kalenda yako iko ukutani, mwezi wa nane ule ule ulioondoka.

Nilidanganya kwa sababu nilikuona unakunywa soda usiyoipenda makopo ishirini na manne, ili mtu asisikitike. Nikasema, huyu mtoto nimemlea hivi mimi mwenyewe. Mtoto wa namna hii atarudi Bukoba kwa ajili ya goti langu. Atakaa dukani, atasema "nzuri, Masi", na mimi nitaamini, maana nitataka kuamini. Kwa hiyo nikafunga mlango ili usirudi kwa huruma.

Lakini ukweli wote nikwambie. Nilipoipeleka ile barua, usiku sikulala, nikiomba uikasirikie, upande ndege urudi. Sasa unajua kwamba mimi si mwema kiasi unachodhani.

Goti linauma kwenye ngazi. Kwingine haliumi. Jioni ni ndefu. Ma Koku anakuja, anakaa mpaka habari za redio ziishe, anasema maneno elfu, mengine nayasikia. Hiyo ndiyo hali yangu. Si nzuri, si mbaya, kama shule yako.

Hukuchukua kitu kwenye kabati langu. Furaha si kipande cha kitambaa kwamba nikikukatia wewe mimi napungukiwa.

Ukirudi nitafurahi mpaka nione aibu. Ukibaki nitalia, halafu nitafungua duka. Yote mawili nayaweza. Nisichokiweza ni kuwa na mtoto anayeninywea soda.

Sema unachotaka wewe. Kwangu na kwao.

Sakeena


Thorncliffe Park
22 Juni 2025

Masi wangu mpendwa,

Salaam nyingi, na ahsante kwa kukata habari za duka, ingawa nilizitafuta nyuma ya karatasi. Wiki hii Muharram inaingia, kwa hiyo jana ilikuwa Jumamosi yetu ya mwisho ya mchezo mpaka miezi ya majonzi ipite. Baba ameviosha vikombe vya sabili, ingawa ni vya karatasi. Mama amemwambia haviosheki, vimelegea vyote.

Barua yako niliisoma kwenye ngazi za jengo, ndipo mahali pangu pa siri huku. Niliisoma mara tatu. Nilikuwa nangoja nikisoma nisikie nimeumia, na sikuumia. Nilisikia nimetuliwa mzigo na mtu aliyeubeba yeye.

Jana Malvern, Baba alipopakia muhogo, nikamwambia asiwashe gari kwanza.

"Umesahau kitu?"

"Hapana. Baba, Masi alisema nijaribu mpaka Agosti. Halafu niseme."

Akaweka mikono yote miwili kwenye usukani. Kumbe anajua. Walijua wote wawili siku zote, na hawajaniuliza hata mara moja. Akasema, akitazama mbele:

"Ukitaka kurudi, nitakupeleka mwenyewe. Mpaka mlangoni kwa Sakeena. Usiseme kwa ajili yetu."

"Nataka kubaki."

"Si kwa ajili ya soda?"

"Soda yenyewe mbaya, Baba. Nusu ya hizo ni dawa ya kuchua."

Akasema, "Haya." Akasema tena, "Haya." Halafu hakuwasha gari muda mrefu sana, mpaka yule Mtamil akatoka kuuliza kama betri imekufa.

Masi, nataka kubaki. Nimelisema garini na sasa nimeliandika. Nataka kumaliza shule hapa. Kuna msichana maktaba, anaitwa Elysée, wazazi wake ni wa Uvira. Alinisikia nikisoma barua yako kwa kunong'ona, akaja kuniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Unasomaka mubaya, soma na sauti." Nilikuwa natafuta njia ya kukuambia habari zake toka Mei. Nilidhani nitakuumiza.

Ahsante kwa kunifungia mlango, na ahsante zaidi kwa kuufungua tena uniambie haukuwa umefungwa. Ahsante kwa nywele. Ahsante kwa Baba Mkubwa kuninunulia viatu vya shule vikubwa kila mwaka. Ahsante kwa kunifundisha kuandika barua, maana mdomo wangu unachelewa. Nilipokuwa na wewe sikuwahi kukushukuru, nadhani kwa sababu mtoto hashukuru kwa mama, anakula tu.

Desemba nakuja, mwezi mzima. Baba ameshaomba likizo, anataka kuja na yeye. Anauliza kama sambusa bado zipo au aje ameshiba.

Jioni nilimwambia Mama. Alikuwa jikoni. Hakuruka, hakunikumbatia. Alizima jiko, akafuta meza iliyokuwa safi, akaniuliza:

"Sasa Sakeena atakuwa na nani?"

Nikamwambia sijui. Nikammiminia kikombe cha Barq's, kile cha mwisho. Akanywa akakunja uso wote, akasema, "Mwenyezi Mungu, hii ndiyo mliyokuwa mnaigombania?" Tukakaa pale pale jikoni, mimi na yeye, tukaongea habari zako mpaka Baba akauliza kama leo hakuna chakula.

Mwanao wa huko na huku,
Kanizfatema


Bukoba
3 Agosti 2025

Kaniz mwanangu,

Waalaykum salaam, wewe na nyumba yote. Ashura tulisoma majlisi za maombolezo kwa Kiswahili mwaka huu, maana vijana wachache waliobaki hawafuati Kigujarati, na Ma Koku alikuja kukaa nyuma na wanawake akalia kuliko sisi. Duka halijambo. Unaona nimerudisha habari za duka.

Nililia, kama nilivyokuahidi. Siku ya tatu Ma Koku akasema imetosha, ukilia zaidi utalowesha madaftari. Nikafungua.

Elysée mwambie namsalimu, na Kiswahili chake nimekipenda. Haider mwambie sambusa zipo, na safari hii nitasimama mbele yake nihesabu.

Kuna neno moja nataka unifikishie kwa mama yako. Lina miaka mingi kifuani.

Walipopata karatasi za Kanada, mimi na Baba Mkubwa wako Husein tulikuwa tumeshakata tamaa ya mtoto. Wajiha alikuja jioni, umemlalia begani, akasema, "Dada, kaa naye mpaka tupate nyumba." Nyumba walipata mwaka wa pili. Mimi nikaandika, subiri kidogo, ameanza chekechea. Nikaandika, subiri, ana surua. Nikaandika, subiri, anapenda mwalimu wake. Naye akasubiri. Kila mara aliandika "sawa, Dada". Alizaa mtoto mwingine, akaendelea kuandika "sawa, Dada". Hakuniuliza kwa nini surua yako haikuisha. Alikuwa anajua, Kaniz. Mdogo wangu alikuwa anajua kila kitu, akaniachia.

Uliniandikia kwamba anasimama mlangoni na kitambaa, haombi kikombe. Amezoea kungoja kwa ajili yangu.

Sikumshukuru hata siku moja. Nilikuwa naona nikimshukuru nitakuwa nimekiri kwamba wewe ni wa kuazimwa, na siku yoyote mwenyewe anaweza kuja. Kwa hiyo nilimtumia vitambaa, nilimtumia kahawa na vanila ya Bukoba, ahsante sikuituma.

Sasa naituma. Mwambie dada yake amesema ahsante. Mwambie miaka ile kumi na miwili ilikuwa nyumba yangu yote. Na karatasi hii usimpe aisome mwenyewe. Mwambie kwa mdomo wako, polepole, na ukichelewa atangoja.

Masi wako,
Sakeena